Kupiga Mtungi Taipei: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Albamu ya Formosa Medicine Show na Jalada Lake

Nikiitaja bendi ya The Muddy Basin Ramblers na albamu yao "Formosa Medicine Show" mbele za watu, wa kwanza hucheka, wa pili huuliza Formosa ndiyo wapi, na wa tatu huuliza kama kweli jalada la albamu nalo lina tuzo yake. Majibu yangu ni haya, na mengine yamekuwa marefu kuliko maswali yenyewe.

Bendi ya mtungi ndiyo nini? Ni watu waliopiga mtungi?

Wengine walikuwa wameupiga, hilo sibishi. Lakini hapa mtungi unapigwa kama linavyopigwa gitaa au zumari. Ni ule mtungi wa udongo uliochomwa ukang'aa, una shingo nyembamba na kishikio kimoja, ambao Wamarekani wa karne ya 19 waliwekea wiski, siki au asali ya miwa. Kilichomo kikishanyweka, kinachobaki kinageuzwa besi ya bendi.

Kiswahili hapa kimetangulia mbele yetu. Cha kuwekea maji ni chombo, na cha kupigia muziki ni chombo. Mtungi wa bendi hizi ni chombo kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja. Shika hilo, nitalirudia tukifika kwenye jalada.

The Muddy Basin Ramblers ni akina nani?

Ni bendi ya Taipei, Taiwan, inayopiga muziki wa kale wa kusini mwa Marekani: bluzi, ragtime, swingi na nyimbo za mitungi. Wengi wao ni wageni waliokwenda Taiwan wakalowea. Anayeiongoza ni David Chen, mwimbaji na mpiga gitaa.

Jina ukilitafsiri kimtaani ni "Wazururaji wa Bonde la Matope". Taipei imekaa bondeni, vilima pande zote, na mito ya Danshui, Keelung na Xindian inapita humo, kwa hiyo matope si ya kutafuta. Kwa sikio langu jina hilo pia linaukonyeza mto Mississippi na matope yake, kule bluzi zilikotoka. Na neno hilohilo la Kiingereza linalomaanisha bonde humaanisha pia beseni, nao beseni wanalo jukwaani. Sidhani kama ni bahati tu.

Mtungi unatoaje sauti? Unapuliza kama chupa ya soda?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea, nikiwemo mimi. Chupa ya soda unaipuliza kwa juu, pumzi inapita ukingoni, inatoka sauti kama ya filimbi. Mtungi hauendi hivyo. Unabana midomo na kuitetemesha kama mpiga tarumbeta, mdomo wa mtungi ukiwa umbali wa kidole kimoja au viwili kutoka kwenye wako, bila kugusana. Sauti ni ya midomo yako. Kazi ya mtungi ni kuipokea, kuizungusha tumboni mwake na kuirudisha ikiwa nene.

Nilijaribu kwa dumu la lita tano la mafuta ya kula, nikalisafisha kwa sabuni mara tatu na bado likanuka sambusa. Dakika za mwanzo nilipata mate na kizunguzungu tu. Halafu nikakumbuka watoto wanavyoigiza pikipiki, ile "brrr" ya midomo, nikaifanya polepole karibu na tundu la dumu. Likaitika. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito kiasi kwamba jirani alichungulia. Ukikaza midomo inapanda, ukiilegeza inashuka, na mtu mzoefu anafikisha oktavu mbili. Plastiki inaitika kidogo kuliko udongo, kwa hiyo usinilaumu ukikosa utamu wa Louisville, mji wa Marekani wa bendi hizi nitakaoufikia mbele.

Vyombo vingine je?

Beseni la bati linapinduliwa, linatobolewa katikati, kamba inapitishwa na kufungwa kwenye kijiti kirefu kilichosimama ukingoni. Ukivuta kijiti kamba inakaza na sauti inapanda. Ubao wa kufulia, ule wenye mabati ya mikunjo, unakwaruzwa kwa vidole vilivyovishwa kastabini za fundi cherehani, na huo ndio unaoshika mapigo. Kuna kazuu, ambayo huipulizi bali unaimba ndani yake na utando mdogo unaikoroga sauti yako. Juu ya hayo kuna magitaa, banjo, kinanda cha mdomo, na kwa Wazururaji hawa hata tarumbeta.

Mbona haya mambo tunayo na sisi?

Tunayo. Kidumbak cha Zanzibar kina sanduku, yaani boksi la mbao lenye kijiti na kamba, mpigaji anavuta na kulegeza huku fidla ikilia na vidumbak viwili vikijibizana harusini. Ni ndugu wa beseni la bendi za Memphis, Marekani, na sanduku lenyewe limezaliwa na boksi la mizigo ya dukani. Kando ya Ziwa Nyasa wapo wacheza malipenga, wanaoimba ndani ya vibuyu vilivyozibwa tundu moja kwa utando wa buibui, wakiigiza tarumbeta za bendi za jeshi la mkoloni. Hiyo ni kazuu, tena kubwa na yenye heshima kuliko ya plastiki. Sisemi nani kamfundisha nani. Lakini ukimwona Mmarekani Mweusi wa mwaka 1927 amesimama nyuma ya beseni, usijifanye humjui.

Muziki huu ulianzia wapi?

Mji unaotajwa kwanza ni Louisville, Kentucky, mji wa wiski na mbio za farasi. Wanamuziki Weusi walipiga mitaani, kwenye boti za mtoni na kwenye sherehe za matajiri wiki ya Kentucky Derby. Earl McDonald ndiye jina kubwa la mtungi wa huko. Mwaka 1924 mwimbaji Sara Martin wa mji huohuo alirekodi akisindikizwa na bendi ya mtungi, na hizo ndizo santuri za kwanza za aina hii.

Kisha moto ukahamia Memphis. Will Shade aliisikia mitungi ya Louisville kwenye santuri, akaanzisha Memphis Jug Band, na Februari 1927 wakarekodi kwa kampuni ya Victor. Mwaka uliofuata akaingia Gus Cannon na Jug Stompers wake. Cannon ndiye ninayempenda kuliko wote: alipiga banjo kwa mikono huku mtungi umening'inia shingoni kwenye fremu ya chuma, akigeuza kichwa kuupuliza inapobidi. Wimbo wake "Walk Right In" aliurekodi mwaka 1929. Miaka zaidi ya 30 baadaye kundi la Rooftop Singers likaurudia na mwaka 1963 ukashika namba moja Marekani. Husimuliwa kwamba wakati huo mzee alikuwa ameweka banjo yake rehani ili anunue makaa ya kuotea baridi.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliziua bendi nyingi, kwa sababu kampuni za santuri ziliacha kutuma watu kusini kurekodi. Zilifufuliwa na vijana wa miaka ya 1960. Hata bendi ya roki ya Grateful Dead, kabla hawajawa Grateful Dead, baadhi yao walikuwa bendi ya mtungi huko California mwaka 1964.

Formosa ndiyo wapi?

Taiwan yenyewe. Mabaharia Wareno waliiita "ilha formosa", kisiwa kizuri, na Wazungu wakalishika jina hilo kwa karne nne.

Na "medicine show"? Ni albamu ya waganga?

Ni tamasha la kuuzia dawa. Marekani ya karne ya 19 na mwanzo wa 20, gari la farasi linaingia mjini, jukwaa la mbao linashushwa, muziki unapigwa bure, mchekeshaji anachekesha, na watu wakishajaa anapanda "daktari" ambaye hakuna chuo kinachomjua. Anashika chupa moja inayotibu mgongo, tumbo, kikohozi, minyoo na huzuni. Ukiwahi kukaa stendi yoyote ya mabasi ukasikia spika ya muuza dawa ikijirudia kutwa, mkumbo huo unaujua. Tofauti ni kwamba wale walilipa bendi.

Ndani ya chupa mara nyingi kulikuwa na pombe, na nyingine zilikuwa na afyuni au kokeni. Sheria ya mwaka 1906 ya vyakula na dawa ililazimisha vitu hivyo vitajwe kwenye lebo, na biashara ikaanza kupungua pole pole. Haikufa upesi. Mwaka 1951 bado mwimbaji Hank Williams alikuwa kwenye msafara wa kuuza Hadacol, dawa ya nguvu iliyokuwa na asilimia 12 ya pombe.

Wanamuziki wengi wa kusini walipata mshahara wao wa kwanza kwenye jukwaa la dawa, na Gus Cannon ni mmoja wao. Kwa hiyo jina la albamu linagusa mzizi wa muziki wenyewe.

Kinachonifurahisha zaidi ni neno "Formosa" kuwekwa mbele. Taiwan nayo ilikuwa na wauza dawa wa kuzunguka, walioingia vijijini na nyimbo na maonyesho ya kungfu, na baadaye wakahamia redioni. Kulikuwa pia na desturi iliyotoka Japani ya kukuachia mfuko wa dawa nyumbani bure. Muuzaji akirudi baada ya miezi anahesabu pakiti zilizofunguliwa na kukutoza hizo tu. Na kisiwa hicho ndicho kilichoongoza duniani kwa kafuri mwishoni mwa karne ya 19, kafuri ileile ya kuchulia na kuwekea sandukuni. Bendi haikuhitaji kulazimisha ndoa ya Memphis na Taipei, maana wachumba walishafanana.

Jalada linaingiaje hapo?

Jalada linafuata jina. Limejengwa katika ulimwengu wa matangazo na lebo za dawa za zamani, ambako kila herufi inapiga kelele na kila pambo linaapa kwamba dawa inaponya. Walioliongoza kisanaa ni wawili: David Chen mwenyewe, aliyekuwa anajua nyimbo zinataka nini, na Andrew Wong wa studio ya Onion Design Associates ya Taipei.

Sasa lirudie lile neno chombo. Dawa ya tamasha haikuuzwa na dawa, iliuzwa na chupa: lebo, picha ya mzee mwenye ndevu, medali za maonyesho yasiyojulikana, sahihi ya "daktari". Chombo ndicho kilichokuwa kinazungumza. Mtungi wa bendi nao ni chombo kilichomaliza kazi ya kwanza kikapewa ya pili. Anayebuni kifungashio cha albamu ya namna hii anashindwa mapema akikiona kama karatasi ya kufungia tu. Inabidi kiuze, kidanganye kidogo na kuchekesha, kama muuza dawa mwenyewe.

Kubuni kifungashio ni kuchora picha ya mbele, sivyo?

Picha ya mbele ni robo ya kazi. Shika sidii yoyote yenye jalada la karatasi, uikunjue hadi iwe bapa mezani. Utaona msalaba wa ajabu wenye masikio ya kubandikia gundi. Umbo hilo lazima lichorwe kwanza, na mistari ya kukata itofautishwe na ya kukunja. Karatasi ikiwa nene wino hupasuka kwenye mkunjo, ikiwa nyembamba sidii inalitoboa na kuchomoza begani. Mfuko wa ndani ukibana milimita moja, msikilizaji atauchana siku ya kwanza. Karatasi isiyong'aa hunywa wino na rangi hufifia, jambo ambalo kwa sura ya kizamani ni faida, ila mchapaji lazima aambiwe mapema, la sivyo "ataisahihisha".

Hilo la mwisho nalijua kwa uchungu. Niliwahi kupeleka kazi kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, rangi zimefifishwa kwa makusudi, ziwe kama tangazo lililokaa dirishani miaka 50. Nikazipokea zinang'aa kama kalenda ya benki. Fundi alinieleza kwa fahari kwamba "zilikuwa zimekufa, nimeziamsha". Nakala 500.

Lilipata tuzo gani?

Liliteuliwa kuwania Grammy ya kifungashio bora cha rekodi, kwenye hafla ya 57 iliyofanyika Los Angeles tarehe 8 Februari 2015. Halikushinda. Kuna watu wakisikia "Grammy" wanaandika "mshindi", na huo si ukweli. Lakini angalia lilikaa na nani kwenye orodha ya watano: Pearl Jam, Pixies, FKA twigs na Passenger. Bendi ya beseni na ubao wa kufulia kutoka bonde la Taipei, katikati ya hao.

Tuzo hiyo hupewa bendi?

Hapana. Hupewa wakurugenzi wa sanaa. Kwa hiyo walioteuliwa ni Chen na Wong kwa majina yao, na Chen aliingia kama mbunifu wa jalada, si kama mwimbaji. Mwanamuziki akitaka kuipata sharti awe ameshiriki kubuni.

Hilo ni la tangu mwanzo. Grammy za kwanza kabisa, mwaka 1959, zilikuwa na tuzo ya jalada, na aliyeichukua ni mwimbaji Frank Sinatra, kama mkurugenzi wa sanaa wa albamu yake "Only the Lonely". Usiku huo, yeye mwenye sauti ile, Grammy aliyoondoka nayo ilikuwa ya jalada.

Nani aliwashinda?

Pearl Jam, kwa "Lightning Bolt". Katika wabunifu waliopewa tuzo hiyo walikuwemo Jeff Ament, mpiga besi wa bendi hiyo, na Joe Spix. Yakariri majina hayo mawili.

Kwa nini? Hadithi haijaisha?

Haijaisha. The Muddy Basin Ramblers waliteuliwa tena kwa albamu iliyofuata, "Hold That Tiger", kwenye hafla ya 62, Januari 2020. Safari hii walioteuliwa ni Andrew Wong na Fongming Yang. Aliyeshinda? Mkusanyiko wa kazi za marehemu Chris Cornell, uliobuniwa na Barry Ament, Jeff Ament, Jeff Fura na Joe Spix. Miaka mitano imepita na waliowashinda ni walewale wawili. Mashabiki wa Simba na Yanga mnaijua hali hii ya kukutana na mtu yuleyule kila fainali.

"Hold That Tiger" maana yake nini?

Ni kibwagizo cha "Tiger Rag", wimbo wa jazi ya New Orleans uliorekodiwa mara zisizohesabika tangu 1917. Ila msomaji wa historia ya Taiwan akimwona chui milia kwenye jina la albamu atakumbuka kitu kingine: mwaka 1895, China ilipoikabidhi Taiwan kwa Japani, wenyeji walitangaza Jamhuri ya Formosa, ikadumu miezi michache tu, na bendera yake ilikuwa chui milia wa njano kwenye buluu. Jina moja, masikio mawili, kama lilivyokuwa lile la kwanza.

Mbona Taiwan inajitokeza sana kwenye tuzo hii?

Kwa sababu huko jalada limebaki kazi ya watu wazima. Mbunifu wa huko Hsiao Qing-yang aliteuliwa mara kadhaa bila kushinda, hadi Februari 2023 alipoichukua pamoja na binti yake kwa albamu ya okestra ya Tamsui-Kavalan. Mwaka mmoja kabla ilichukuliwa na Li Jheng Han na Yu Wei kwa albamu "Pakelang". Ukiona visiwa vidogo vinashinda mfululizo, tafuta wachapaji wake. Mbunifu hawezi kutengeneza kitu ambacho hakuna kiwanda cha jirani kinachokubali kukikata, kukikunja na kukirudia kikikosewa.

Siku hizi tunasikiliza kwenye simu. Jalada la kushika la nini?

Kwa nyimbo nyingi, la bure tu. Sikupingi. Kijipicha cha simu kinatosha kukuonyesha ni albamu ipi, na sidii yenyewe wengi hatuna tena pa kuichezea.

Kwa muziki wa mtungi hali ni tofauti kidogo, na hapa natoa maoni yangu. Huu ni muziki wa vitu: bati, udongo, mbao, kastabini. Unasikia kamba ikigonga beseni. Kuupokea ukiwa hauna chochote mkononi ni kama kuhudhuria harusi kwa kutumiwa picha ya pilau.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na Memphis Jug Band na Cannon's Jug Stompers, rekodi za 1927 hadi 1930. Sauti ina mikwaruzo, vumilia nyimbo tatu tu, sikio litazoea. Mtafute Noah Lewis kwenye kinanda cha mdomo ndani ya nyimbo za Cannon, maana huyo alikuwa anakiliza kama mtu. Ndipo uingie "Formosa Medicine Show". Ukianza na Taipei utadhani ni mzaha wa wageni. Ukitokea Memphis utasikia wanachokiheshimu na wanachokichezea.

Naweza kuunda bendi ya mtungi na wenzangu?

Ndiyo, na mtaji ni mdogo. Beseni la bati, si la plastiki, kwa sababu la plastiki halitetemi. Kijiti cha fagio. Kamba ya katani au waya wa kuanikia nguo, ila kwa waya vaa glavu, vidole huchanika. Ubao wa kufulia ukikosekana, bati la mgongo la kipande cha sentimita 30, kingo zake zimepondwa zisikate. Kastabini zipo kwa wauza vifaa vya cherehani, nunua nane. Mtungi wa udongo wa maji usiuguse kabla hujamwomba mwenyewe, na ukiutumia uumwage maji kwanza. Mimi sikuumwaga.